Mazoezi ya asubuhi na kukaa zazeni hekaluni: maswali ninayoulizwa kila siku

Naishi Japani, nje kidogo ya Nagoya, na nyuma ya nyumba kuna hekalu dogo la Kibuddha ambalo asubuhi majirani wanakusanyika kunyoosha viungo, halafu Jumapili tunaingia ndani tunakaa kimya. Tangu nimwonyeshe mama picha ya viatu vilivyopangwa pale mlangoni sijapumzika na maswali, ya ndugu nyumbani na ya Wabongo na Wakenya wa huku huku, na karibu yote ni yale yale. Nimeyaweka hapa, anayeuliza tena nitamwelekeza huku.

## Ya mwanzo kabisa

Hicho mnachofanya ni nini hasa?

Ni vitu viwili vinavyofuatana. Cha kwanza ni mazoezi ya redio, Wajapani wanaita rajio taiso, yanafanyika uani kila siku saa 12 na nusu asubuhi, dakika 10 yamekwisha. Cha pili ni zazeni, yaani kukaa kimya kwa namna ya Zen, madhehebu ya Kibuddha, hii kwetu ni Jumapili tu, inaanza kama saa moja kasoro dakika 10 na inachukua dakika 40 hivi. Baada ya hapo chai, ufagio, kila mtu kwake. Wengi wanakuja kwa mazoezi peke yake na hakuna anayewauliza kitu.

Rajio taiso ndo nini, mbona kila mtu anajua hatua?

Kwa sababu wameifanya tangu utotoni. Ilianza 1928, walioianzisha ni idara ya bima ya maisha ya posta, wazo wakalitoa Marekani ambako kampuni ya bima ilikuwa inarusha mazoezi redioni, na ukifikiria lina akili, mtu akiishi muda mrefu bima inapata faida. Baada ya vita ikasimama miaka michache, ikarudi 1951 na mfululizo namba 1 tunaoufanya mpaka leo, namba 2 ikafuata 1952.

Kila namba ina hatua 13. Namba 1 unaanza kwa kupandisha mikono juu mpaka unajinyoosha wote, unazungusha mikono, unapinda pembeni, unainama mbele na nyuma, unazunguka kiuno, unaruka kidogo, unamaliza kwa kuvuta pumzi. Dakika tatu na kitu, piano tu na sauti ya mtu anahesabu. Namba 2 ina nguvu zaidi, kuna pozi moja unakunja mikono kama mtu anayeonyesha misuli na hapo ndo wageni wote wanacheka, nami nilicheka, sasa hivi nafanya bila hata aibu.

Usiidharau lakini. Nilikuja na kiburi cha mtu aliyecheza mpira mtaani nikasema hii ni ya wazee, hatua ya saba ya kuzungusha kiwiliwili ikanionyesha kwamba mgongo wangu umekuwa ubao. Mbele yangu alikuwepo bibi wa miaka zaidi ya 80 anageuka vizuri mpaka anaona kilicho nyuma yake.

Kwa nini hekaluni na siyo uwanjani?

Mahekalu yapo kila mtaa, Japani ina zaidi ya 70,000, na mengi ni madogo, nyumba ya kasisi, jengo la ibada, makaburi nyuma, ua mbele. Huo ua ndo sehemu tambarare ya mtaa. Wengine wanafanyia bustani ya watoto au shuleni, inategemea mtaa. Kwetu redio ni ya zamani ina mkono wa antena uliofungwa na rababendi, anaileta mzee mmoja kwenye kikapu cha baiskeli na anaiweka kwenye ngazi ya jengo la kengele, siku asipokuja tunaangaliana tu mpaka mtu atoe simu.

Zazeni ni sawa na yoga, au ile meditesheni ya kwenye simu?

Yoga hapana, ukishakaa hujipindi tena. Ya kwenye simu kuna mtu anakuongelesha kwenye sikio, jiwazie uko ufukweni, sijui jiwazie mwanga, huku hakuna anayekuongelesha. Unakaa, mgongo umenyooka, macho nusu wazi, basi. Hekalu letu ni la Soto, tawi la Zen linalotokana na Dogen aliyezaliwa 1200 na kufa 1253, ndiye aliyeanzisha hekalu la Eiheiji kule milimani Fukui mwaka 1244. Soto wanakaa wanaangalia ukuta. Ukienda hekalu la Rinzai, tawi jingine la Zen, utakuta watu wanatazamana, usishangae ukadhani umekosea.

## Mambo ya dini

Kwa hiyo umebadili dini?

Hili la mama, na aliliuliza kwa ile sauti ya chini ya kutaka nyumba nzima isikie. Hapana mama. Sijaandikishwa popote na hakuna aliyeniomba niandikishwe. Kwa Wajapani wenyewe uhusiano na hekalu la mtaa mara nyingi ni wa makaburi ya ukoo, familia zinachangia hekalu na hekalu linatunza marehemu wao, mgeni anayekuja kukaa Jumapili haingii kwenye hesabu hiyo.

Mimi Muislamu (au Mkristo), naweza kwenda?

Mazoezi ya uani hayana dini kabisa, ni redio ya taifa na piano. Hilo usijiulize mara mbili.

Zazeni ipo ndani ya jengo lenye sanamu, kuna ubani, na kwetu mwishoni wanasoma sutra fupi, yaani maandiko ya Kibuddha, kwa kufuata mdundo wa ngoma ya mbao. Hapo kila mtu na dhamiri yake na mwalimu wake wa dini, mimi si sheikh wala padri. Nilichofanya ni kumwambia kasisi mapema kwamba sutra sitasoma na ubani sitachoma, akasema sawa, kaa tu, na mpaka leo wakati wa kusoma nakaa kimya mikono mapajani. Ukisema mapema hakuna anayekasirika.

Kwa Wakristo wanaouliza, kuna padri Mjesuti Mjerumani, Hugo Enomiya-Lassalle, aliyekuwa Hiroshima bomu lilipoanguka 1945 akanusurika, alikaa zazeni miaka mingi na kuifundisha na akabaki padri mpaka alipofariki 1990. Sisemi mfuate, nasema swali lako si jipya.

Kuinama je? Pale kuna kuinama sana.

Kupo. Unauinamia mto unaoukalia, unawainamia walio pembeni yako, unawainamia walio upande wa pili, wao wanakuinamia. Mimi naichukua kama shikamoo na marahaba, ni adabu ya kugawana chumba. Kuinamia sanamu ni kitu kingine na huo nauruka, naingia nakwenda moja kwa moja kwenye nafasi yangu.

Mnapiga makofi kama kwenye video?

Hapana, hayo ya makofi mawili ni ya jinja, sehemu za Kishinto zile zenye lango la torii. Hekaluni unakutanisha viganja kimya kimya. Mgeni akipiga makofi hekaluni hakuna atakayemfokea, watakohoa tu.

Ramadhani unafanyaje?

Mazoezi naendelea ila siruki, maana kiu ya Japani ikiangukia siku ya joto siyo ya mchezo. Zazeni ndo rahisi kabisa, si umeshakula daku, unakaa. Shida ni usingizi, angalia swali la kusinzia hapo chini.

## Kwenda mara ya kwanza

Nivae nini?

Suruali pana ya rangi iliyopoa. Jinzi ya kubana itakukata magoti. Kaptula hapana ukiingia ndani, na koti lile la nailoni linalolia kwashakwasha kila ukipumua acha nyumbani, ukumbi mzima utakusikia. Soksi unavua, ndani ni miguu mitupu hata Januari. Hijabu haina shida yoyote, ila dera refu litakunasa ukikunja miguu, vaa na suruali ndani.

Na marashi. Najua sisi watu wa pwani hatutoki bila kujifukiza, lakini asubuhi ya zazeni acha udi, acha body spray, mnakaa mkiwa mmebanana na mwenzio hana pa kukimbilia.

Ni bei gani?

Mazoezi bure. Zazeni kwetu hakuna kiingilio, kuna sanduku la sadaka na unaweka unachoweza. Mahekalu mengine, hasa ya miji ya watalii kama Kyoto na Kamakura, yana ada na yanataka ujiandikishe kabla, ulizia.

Sijui Kijapani.

Mazoezi unaangalia aliye mbele yako, siku tatu umeshajua. Zazeni haina maneno kwa hiyo lugha haikusaidii wala haikukwamishi, kinachokuhusu ni kengele: ikilia mara tatu kikao kimeanza, mara mbili mnainuka kutembea, mara moja mmemaliza. Maneno ya kujua ni ohayo gozaimasu ya asubuhi njema, na kasisi unamwita Osho-san.

Nikifika mlangoni nafanya nini?

Hapa nitakuwa mrefu kidogo maana ndipo watu wanapoogopa.

Viatu unavua na kuvigeuza, ncha ziangalie nje, vikae sambamba na vya wenzio. Kizingiti unakivuka, hukikanyagi. Unaingia kwa mguu wa kushoto, unainama kidogo, unatembea viganja vimepandana kifuani. Usikanyage mishono ya tatami, ile mikeka ya sakafuni, yaani zile kingo zake za kitambaa, wakubwa wanaangalia sana hiyo. Ukifika kwenye zafu yako, ule mto mweusi wa duara uliojazwa pamba za sufi kama mito yetu ya nyumbani, unauinamia huku umewapa mgongo wenzio, unageuka kuelekea kulia mpaka uwaone walio upande wa pili, unainama, unakaa, ndipo unageuka ukutani.

Unakalia theluthi ya mbele ya mto tu, siyo wote, ili kiuno kiegemee mbele na magoti yafike chini. Halafu unayumba kushoto na kulia kama mnazi, kwanza sana halafu kidogo kidogo mpaka usimame katikati. Mkono wa kulia chini, wa kushoto juu yake, vidole gumba vinagusana kwa shida, visibonyezane na visiachane. Vidole hivi ni wasemaji hatari, ukianza kuota vinaanguka, ukiwa na hasira vinapanda kama mlima na kasisi anaona kutoka nyuma.

Ukikosea yote haya haidhuru. Siku yangu ya kwanza niligeuka upande usio wake nikagongana pua kwa pua na mstaafu wa watu, akainama, nikainama, akainama tena.

Nikichelewa?

Mazoezi ingia tu hatua waliyofika. Zazeni, kengele tatu zikishalia usiingie, kaa kwenye baraza la nje mpaka mapumziko ya kutembea. Na kwa kweli barazani si pabaya.

## Ukiwa umekaa

Magoti yangu mabovu / siwezi kukunja nne.

Wengi hawawezi, wakiwemo Wajapani. Ule mkao wa miguu yote juu ya mapaja sahau, weka mguu mmoja tu juu ya paja, au hata chini mbele. Wapo wanaokaa seiza, yaani kupiga magoti na kukalia visigino, ambayo kwa Muislamu ni ule ukaaji wa tahiyatu, na hapo ndugu zangu mmewazidi wageni wote maana mmeanza mkiwa madrasa, ila tahiyatu ya dakika 40 bado hujawahi kuiona. Kiti kipo pia, omba. Mwenye goti lililofanyiwa operesheni au presha isiyotulia amuulize daktari wake kwanza, asinisikilize mimi.

Miguu ikifa ganzi?

Itakufa. Cha muhimu usisimame haraka. Kati ya vikao kuna kutembea taratibu kunaitwa kinhini, kila pumzi moja unasogea nusu unyayo, yaani kutoka nguzo hadi nguzo unaweza kuzeeka. Mara ya kwanza kengele ilipolia nikainuka kama askari, mguu wa kulia haukuwepo, nikaenda chini pamoja na mto. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndo iliniuma. Sasa nasubiri, naminya vidole vya miguu, nahesabu kumi, nasimama.

Nifikirie nini?

Hili linaulizwa kuliko yote, na jibu la Osho-san nililopewa ni "ukae", nikadhani hakusikia swali.

Kwa anayeanza wanashauri kuhesabu pumzi, moja mpaka kumi unarudi moja. Utafika tatu halafu utajikuta unapanga kodi ya nyumba. Unarudi moja. Utafika mbili, mtu aliyekudhulumu 2015 atapita, unarudi moja. Watu wanadhani wameshindwa kwa sababu akili haijawa tupu, wanaacha wiki ya pili, na mimi nadhani hilo neno "tupu" ndo limewaharibia. Haitakuwa tupu. Mimi miaka hii yote sijafika kumi mara nyingi kiasi cha kujivunia. Mawazo yanapita kama bajaji barabarani, kazi yako ni kutoinua mkono kulisimamisha.

Jumapili moja ya Agosti nyenze walikuwa wanalia mpaka hewa inatetemeka, na kwenye mbao za ukuta mbele yangu kulikuwa na fundo la mti lenye umbo kama jicho la ng'ombe. Nikaliangalia kikao kizima. Sijui nilihesabu ngapi. Kengele ilipolia nikagundua nyenze walishanyamaza zamani na sikusikia waliponyamaza.

Ni kweli wanachapa watu fimbo?

Ipo, inaitwa kyosaku, ni ubao mrefu bapa. Soto unapigwa bega la kulia, na kwetu unaomba mwenyewe: unakutanisha viganja, unalaza kichwa kushoto, unapigwa paa, unashukuru. Sauti kubwa kuliko maumivu. Sisi tuliosoma shule zile za viboko mwili unakumbuka, mimi ilinichukua muda kuomba. Nilipoomba, misuli ya shingo iliyokuwa imekaza tangu Ijumaa ikaachia. Usipotaka, husogezewi.

Nikisinzia?

Fungua macho zaidi, vuta kidevu ndani, nyoosha kisogo kama mtu anakuvuta unywele wa utosini. Macho yanafungwa kwa kisingizio cha kutulia, kumbe ni usingizi umeomba lifti. Ikishindikana omba fimbo, rudi swali la juu.

## Mambo ya pembeni

Baridi mnafanyaje? Na giza?

Januari jua linatoka karibu saa moja, kwa hiyo mazoezi ni gizani, pumzi zinatoka moshi, tunabaki sisi kama saba. Juni jua limeshatoka tangu kabla ya saa 11 na watu tele. Ndani hakuna hita wakati wa kukaa, vaa tabaka mbili za fulana. Mimi navumilia baridi, lakini zile mbao za sakafu kwa nyayo tupu, hapo bado sijazizoea.

Watoto wanaruhusiwa?

Likizo ya kiangazi wanajaa, kuanzia mwishoni mwa Julai. Kila mtoto ana kadi shingoni, akimaliza mazoezi anagongewa muhuri, mwisho wa likizo anapewa zawadi ndogo, daftari au penseli. Utawaona wengine wamekuja na nguo za kulalia, wanaruka huku wamefumba macho, muhuri ndo wanaoutaka. Zazeni ya dakika 40 usimlete mtoto mdogo.

Mbu?

Wapo wa kutosha, makaburi yana vyombo vya maua vyenye maji. Wanawasha ile dawa ya kuchoma ya duara tunayoijua nyumbani, na asili yake ni huku huku Japani. Akikuuma ukiwa umekaa, amekuuma.

Tetemeko likija mkiwa kimya?

Limeshakuja, dogo. Kwanza simu zilipiga kelele zote kwa pamoja, maana ile tahadhari inalia hata kwenye simu iliyonyamazishwa, halafu taa ikaanza kucheza kwenye mnyororo wake. Osho-san akasema kwa sauti ya kawaida tutoke uani, tukatoka pekupeku, tukasimama kwenye changarawe, likaisha, tukarudi. Kubwa usingoje kuambiwa.

Mbona nilikuta pamefungwa?

Labda ilikuwa Obon, katikati ya Agosti, makasisi wanazunguka nyumba kwa nyumba kuombea marehemu na zazeni inasimama. Au kulikuwa na msiba. Mazoezi yanaendelea, redio haina likizo.

Chai ni lazima? Na ufagio?

Chai si lazima ila kuondoka kabla yake ni kama kuondoka shughulini kabla ya pilau. Haina sukari, usiombe. Ufagio kila mtu anashika, na Novemba miti ya ginko inapomwaga majani ya njano pamoja na tunda lake linalonuka kama matapishi, chukua ufagio wenye mpini mrefu kabla haujaisha.

Niko Dar, siwezi kuja huko. Nifanyaje?

Mazoezi ukitaka kuyafuata moja kwa moja redioni, saa 12 na nusu ya huku ni saa sita na nusu usiku kwenu, kwa hiyo achana nayo, tafuta video, zipo kibao. Fanya namba 1 peke yake wiki ya kwanza, nje, siyo chumbani. Kukaa, kunja blanketi mara tatu nne badala ya zafu, ukuta unao, weka alamu ya dakika 10. Anayetaka kukaa na wenzake, Upanga kuna hekalu la Kibuddha la siku nyingi lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka, wao ni Theravada, tawi jingine la Ubuddha, siyo Zen, mkao na mafundisho vitatofautiana na haya niliyoandika, nenda uwaulize wenyewe wanakaa siku gani.